Bustani Isiyonyamaza

Wanaosifu bustani kwa utulivu wake mara nyingi husifu ukimya, na hapo ndipo ninapotofautiana nao, kwa sababu bustani yangu haijapata kunyamaza hata siku moja. Iko nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga, kipande cha uwani chenye mkungu mmoja mkubwa, mwembe, mdimu, mkomamanga, kichaka cha asumini, mirehani iliyopandwa ndani ya makopo ya rangi, mchaichai unaokatwa kila jioni kwa ajili ya chai, na mkwaju wa jirani uliovuka ukuta bila kuomba ruhusa. Kunguru huanza makelele kabla mwadhini hajamaliza adhana ya alfajiri. Bodaboda hupita nje ya ukuta mchana kutwa. Usiku popo hula kungu na kuangusha kokwa zake juu ya bati, na mgeni anayelala kwetu kwa mara ya kwanza huamka akidhani tunapigwa mawe. Hata hivyo ni katikati ya kelele hizo, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki baada ya sala ya alfajiri, ndipo nilipoupata utulivu ambao sikuupata katika miaka mingi ya kuutafuta kwa kufumba macho.

Nasema kufumba macho kwa makusudi. Nilipokuwa msichana nilifundishwa, au pengine nilijifundisha mwenyewe, kwamba mtu anayetaka kumkumbuka Mola wake sharti ajitenge na vitu: afumbe macho, ainamishe kichwa, auondoe ulimwengu mbele yake. Njia hiyo ina watu wake, na miongoni mwao wamo wacha Mungu ambao sistahili hata kuwabebea viatu. Kwangu mimi haikufaa. Nikifumba macho, aliyebaki mbele yangu alikuwa ni mimi mwenyewe, pamoja na ada za shule, deni la dukani, na maneno niliyoambiwa mwaka juzi na mtu ambaye bila shaka ameshayasahau. Nilipostaafu ualimu nikaanza kukaa uwani asubuhi kwa sababu tu magoti yalikuwa yanauma na sikuwa na pa kukimbilia, na hapo macho yakaanza kuifanya kazi iliyoushinda moyo.

Baada ya hapo nilipoirudia Qurani nilishangaa jinsi inavyotaja viumbe vidogo kimoja kimoja. Haitosheki na kusema kwamba ulimwengu umeumbwa vizuri. Sura moja imepewa jina la nyuki, nyingine la sisimizi, nyingine la buibui. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 26, tunaambiwa kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya kupiga mfano hata wa mbu. Na katika Surat Al-Ghashiya watu wanaulizwa kama hawamtazami ngamia jinsi alivyoumbwa. Waarabu wa jangwani walikuwa na ngamia mbele yao tangu asubuhi hadi usiku, wakimpanda, wakimkamua na kumla, na bado waliulizwa kama wamepata kumtazama. Swali lile halikuwapeleka kwenye kitu cha ajabu cha nchi ya mbali, bali liliwarudisha kwenye kitu walichokizoea mno hata hawakukiona tena. Huku kwetu ngamia ni wachache, na sioni kwa nini swali hilohilo lisiulizwe kuhusu mdimu.

Mdimu wangu ni mti mfupi, wenye miiba mingi na ndimu za kutosha samaki na kachumbari. Mvua za masika zikishaulowesha, hutoa majani machanga ya kijani chepesi, na hapo huja kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus na sisi humwita kipepeo basi. Jike hatui kwanza akatulia kama anavyofanya kwenye ua; huku mabawa yakiendelea kupepesuka, hulipapasa jani kwa miguu ya mbele, kwa maana miguu hiyo ndiyo inayoonja, na kwa kuonja ndipo anapojua kama huo ni mti wa jamii ya machungwa au ni mti mwingine usiowafaa watoto wake. Akiridhika, huliachia jani yai moja, dogo kuliko punje ya mtama, la rangi ya manjano mpauko, kisha huhamia jani jingine. Yeye mwenyewe hali majani ya mdimu, wala hatakuwepo mayai yatakapoanguliwa.

Kiwavi anayetoka humo ni wa kahawia iliyochanganyika na weupe mgongoni, na umbo lake lote ni la kinyesi cha ndege kilichodondokea jani. Nimewaonyesha watu wazima wenye macho mazuri, nikawaelekeza kwa kidole, nao wakaniambia kwamba hawaoni kitu ila uchafu. Ndege naye huona hivyohivyo, na ndiyo sababu kiwavi yuko hai. Akishakua na kujivua ngozi mara kadhaa, hali hiyo inambadilikia: sasa ni mnene mno kuweza kupita kwa kinyesi, na ngozi mpya inayotoka ni ya kijani kibichi, yenye mistari ya kahawia iliyokatiza ubavuni na madoa mawili karibu na kichwa yanayofanana na macho. Ukimgusa kwa kijiti, huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa na kutoa harufu kali ya tunda lililochacha. Kisha huzirudisha pembe zake ndani polepole na kuendelea kula kuanzia pale alipoachia.

Ukiniuliza ni nini hasa hunipata ninapomtazama huyu mdudu, nitakujibu kwamba hanifundishi chochote. Sijifunzi subira kutoka kwake, wala bidii, wala matumaini, ingawa najua kwamba mahubiri mengi yamejengwa juu ya mgongo wa kiwavi na kipepeo. Kinachotokea ni kwamba kwa muda fulani nasahau kuwa nipo. Taya zake hukata ukingo wa jani kutoka juu kwenda chini, hurudi juu, hukata tena, na mimi nikiwa nafuata mwendo huo, yule msemaji wa ndani asiyechoka kunihesabia mambo yangu hupoteza msikilizaji. Baadaye huja kitu ambacho siwezi kukiita kwa jina jingine isipokuwa dhikri: hisia kwamba mdimu huu, na mdudu huyu, na mimi niliyekaa, sote tunashikiliwa katika kuwepo kwetu wakati huuhuu, na kwamba hakuna hata mmoja wetu anayejishikilia mwenyewe. Surat Aal Imran, aya ya 191, inawataja wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala kwa ubavu, na papo hapo inasema kwamba wao hutafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Katika aya hiyo kukumbuka na kutafakari havikutenganishwa, nami sikuuelewa ukaribu huo mpaka nilipokaa mbele ya mti.

Bila shaka viwavi hao hula majani yangu. Jirani mmoja alinishauri ninunue dawa ya kupuliza, na ushauri wake haukuwa wa kipuuzi, kwa sababu mche mchanga wa mdimu unaweza kubakizwa vijiti vitupu ndani ya muda mfupi. Lakini mti uliokomaa huvumilia. Kwa hiyo mimi huwatoa viwavi kwenye miche iliyo kitaluni na kuwahamishia kwenye mti mkubwa, kazi ambayo wajukuu wangu huipenda kuliko kazi yoyote ya nyumbani. Iko hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyopokewa na Anas na kuhifadhiwa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mbegu, kisha akala humo ndege, au mtu, au mnyama, basi hicho kilicholiwa huandikwa kuwa sadaka yake. Zamani niliposikia hadithi hiyo nilimfikiria mpita njia mwenye njaa akichuma embe. Sasa nawahesabu pia wasioomba wala kushukuru.

Ng'ambo ya ukuta, upande wa pili wa mkwaju, anaishi mama mmoja wa Kianglikana ambaye bustani yake imenizidi kwa kila kitu, na ambaye tumebadilishana miche kwa miaka mingi kiasi kwamba hatujui tena mrehani upi ulikuwa wa nani. Siku moja nilipomweleza mambo haya ya kiwavi alicheka, akasema kwamba katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu aliwaambia wanafunzi wake wawaangalie ndege wa angani na wayafikirie maua ya kondeni, lakini katika mahubiri yote aliyosikiliza tangu utotoni watu huliruka agizo hilo na kukimbilia lile linalofuata, la kutosumbukia chakula na mavazi. “Dada yangu,” akaniambia, “wote tunataka tusisumbuke, lakini hakuna anayetaka kwenda kuwaangalia hao ndege kwanza.” Sijapata kusikia tafsiri iliyonikaa moyoni zaidi ya hiyo, wala haikutoka mimbarini.

Juu ya mwembe wanaishi majimoto. Anayewajua hahitaji maelezo, na asiyewajua atakaporudi kutoka kuchuma embe akiwa anajipigapiga shingoni atakuwa amewajua. Hao ni chungu wekundu warefu wanaojenga viota kwa kushona majani mabichi, na namna wanavyoshona ni jambo ambalo nililisoma kwanza nikalitilia shaka, mpaka nilipoliona kwa macho yangu kwenye tawi la chini. Vibarua hujipanga kwenye ukingo wa jani moja na kuuvuta ukingo wa jani la pili. Jani likiwa mbali, hushikana viuno mmoja nyuma ya mwingine hadi mnyororo wao ulifikie. Kingo zikishakutana, wengine huja na watoto wao, yaani mabuu, wamewabana kwa taya, na kuwapitisha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Buu hutoa uzi wa hariri kila anapogusishwa jani, na uzi huo ndio unaounganisha. Mkubwa hana uzi. Nyumba nzima inashonwa na watoto ambao bado hawana miguu.

Huko Unguja wakulima wa minazi wana sababu nyingine ya kuwaheshimu majimoto. Katika miaka ya 1950 watafiti waliochunguza kwa nini nazi changa zilikuwa zikidondoka kabla ya kukomaa walibaini kwamba mdudu mmoja mfyonzaji ndiye aliyezidhuru, na kwamba minazi iliyokaliwa na majimoto ilisalimika, kwani chungu hao humfukuza. Walibaini pia kwamba majimoto wana adui, sisimizi wadogo wa kahawia wanaotembea ardhini na kuwazuia kupanda, hivi kwamba mavuno ya mkulima yalitegemea vita ambavyo yeye hakuvijua. Mbele ya mwembe wangu vita hivyo hupiganwa pia, chini karibu na mizizi, na sidhani kama kuna asiyeweza kusahau shida zake kwa kuvitazama. Surat An-Naml inasimulia kwamba sisimizi aliwaambia wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na Suleiman na majeshi yake bila wao kujua, na Nabii Suleiman akatabasamu kwa maneno yake na kuomba awezeshwe kushukuru. Katika kisa chote kile cha ufalme na majeshi, tabasamu lililotajwa ni la mfalme aliyemsikiliza mdudu.

Kijana anayeniletea samadi ya mbuzi alinikuta siku moja nimesimama chini ya tawi hilo, shingo nimeinyoosha juu, sijibu hodi.

“Shikamoo mwalimu. Unaumwa?”

“Marahaba mwanangu. Siumwi, naangalia.”

Akaweka gunia chini, akaangalia nami. Baada ya muda akauliza hawa chungu wanalipwa na nani kwa kazi yote hiyo, kisha majimoto mmoja akamdondokea ndani ya kola, na mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Rafiki zangu wengine huniuliza kwa nini nisiende mahali palipo na uzuri mkubwa zaidi, na hakika hatuna upungufu wa mahali pa namna hiyo. Bustani ya mimea ya Amani, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki, iko Muheza, si mbali nasi. Nimepita chini ya miti yake iliyoletwa kutoka mabara mengine na kukua hadi kichwa kikazunguka kuitazama, na nimeona kwenye miamba yenye unyevu yale maua madogo ya urujuani ambayo afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu zake mwaka 1892, na leo hupandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote bila wengi kujua kwamba asili yake ni milima yetu. Ni mahali pazuri, na kila mwenye uwezo aende. Lakini mimi kule sikuweza kutazama, kwa sababu kila hatua kilikuwepo kitu kipya, na jicho lililoshiba halikai. Kinachonituliza ni kuwa naujua mdimu wangu: ulipochipua, tawi lipi limekauka, kipepeo amerudi au hajarudi. Nadhani wanaotafuta utulivu kwa kusafiri hulipa nauli kubwa kununua mshangao, na mshangao ni kitu kingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaoandika kuhusu bustani hupenda kulipita kando. Msimu mmoja wa kaskazi, chozi jike alijenga kiota kwenye kamba ya nguo iliyosahauliwa karibu na asumini. Chozi ni ndege mdogo sana, mwenye mdomo mwembamba uliopinda wa kufyonzea maua, na kiota chake ni kifuko kinachoning'inia, kimefumwa kwa nyasi, vipande vya majani makavu na utando wa buibui, kikiwa na mlango ubavuni na kijipaa juu ya mlango huo. Jike ndiye aliyejenga, na jike ndiye aliyeatamia. Dume, mwenye shingo inayometameta kijani na zambarau, alikuwa akiimba juu ya mkomamanga na kuwafukuza ndege waliomzidi ukubwa. Makinda yalipotoka, wote wawili walileta wadudu na buibui wadogo, safari baada ya safari, tangu kunapopambazuka hadi jua linapozama. Nilikuwa nikiwatazama kila siku, na nakiri kwamba niliwapenda.

Kunguru akaja. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ili wasafishe taka za mji, kisha wakaenea pwani nzima, na popote walipoenea ndege wadogo wamepungua, kwa sababu hula mayai na makinda. Alikishika kifuko kwa mguu mmoja, akakipasua kwa mdomo, na kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko ninaoutumia kuisimulia. Machozi wale wawili, na hapa naomba msomaji asidhani nacheza na jina lao, waliendelea kuja na wadudu mdomoni mahali ambapo kiota hakikuwepo tena.

Walikuja watu na maneno yao mema. Mmoja alisema kwamba kila kitu kina hekima yake. Mwingine alisema kunguru naye ana watoto, jambo ambalo ni kweli, lakini ukweli wake haukunisaidia. Sikutaka kuambiwa. Nilichofanya ni kuendelea kukaa palepale asubuhi iliyofuata, kwa sababu ningeacha kukaa ningekuwa nimekiri kwamba nilichokuwa nakitafuta pale ni starehe tu. Ilikuwa asubuhi ngumu. Katika Surat Al-Israa, aya ya 44, tunaambiwa kwamba mbingu saba na ardhi na vyote vilivyomo vinamsabihi Mwenyezi Mungu, na kwamba hakuna kitu chochote ila kinamsabihi kwa kumhimidi, lakini nyinyi hamfahamu kusabihi kwake. Tumezoea kuisoma sehemu ya kwanza kwa sauti nzuri na kuipita ile ya mwisho upesi. Mimi nimeishikilia ile ya mwisho. Hamfahamu. Aya haikunitaka nijifanye nafahamu namna kunguru anavyomsabihi Mola wake akiwa na kinda mdomoni, wala haikunikataza kuhuzunika. Ilinikalisha tu mahali pangu, miongoni mwa viumbe wasioona kila kitu. Na katika kukalishwa huko, kwa jinsi nisiyoweza kuifafanua vizuri zaidi, kulikuwa na utulivu ulio mgumu zaidi na wa kudumu zaidi kuliko ule wa kiwavi.

Bado huwafukuza kunguru kwa kupiga sufuria. Kutofahamu hakujanizuia.

Jioni bustani hubadili zamu. Asumini hufungua maua jua likishazama, na harufu yake huvuka ukuta hadi kwa jirani, ambaye huja asubuhi kuokota yaliyodondoka. Mkwaju hulala: vijani vyake vidogo, vilivyopangana jozi kwa jozi, hukutana na kufumbana, na mti uliokuwa na kivuli kizito mchana huonekana mwembamba, ukipitisha anga. Zamani niliamini kwamba ni giza ndilo linaloufunga. Lakini mwaka 1729 mwanaastronomia Mfaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alieleza jinsi mmea unaokunja majani usiku, wa namna ya kifauwongo, ulivyofungiwa mahali penye giza mchana na usiku, nao ukaendelea kufungua na kufumba majani kwa wakati wake kana kwamba ulikuwa ukiliona jua. Mmea ulikuwa na saa yake ndani. Ilichukua karne kadhaa kuifahamu saa ya namna hiyo, na Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2017 ilikwenda kwa Wamarekani watatu walioichunguza ndani ya inzi wadogo wa matunda. Nikiswali magharibi mkekani uwani, mkwaju huwa unafumba, na sioni haja ya kutafuta mfano wala fumbo katika jambo hilo. Inatosha kwamba tunafanya mambo yetu kwa wakati mmoja.

Wakati wenyewe, kwa kweli, ndio uliobadilika zaidi kwangu. Sala tano zimefungwa kwenye mwendo wa jua, si kwenye saa ya ukutani, lakini maisha yangu yote ya kazi niliziswali kwa kengele ya shule na baadaye kwa mlio wa simu. Siku hizi ninacho kijiti nilichokisimika wima kati ya mirehani, na kivuli chake nimekizoea. Hupungua hadi adhuhuri, husita, kisha huanza kurefuka upande wa mashariki. Na kinapolingana na urefu wa kijiti, ukiongeza kile kilichokuwepo jua lilipokuwa juu kabisa, basi alasiri imeingia kwa madhehebu yetu ya Shafi. Kwa kukaa nacho nimegundua mambo ambayo niliwahi kufundisha darasani bila kuyaona. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini hasa, na kwa dakika chache kijiti hakina kivuli, nami pia sina. Kati ya Machi na Oktoba kivuli cha adhuhuri huelekea kusini. Miezi iliyobaki huelekea kaskazini.

Na kaskazini ndiko iliko kibla chetu, karibu moja kwa moja, kwa kuwa Makka na Tanga zimekaa kwenye mstari unaokaribia kuwa mmoja. Mara mbili kwa mwaka jua huwa juu ya Kaaba yenyewe: tarehe 28 Mei, karibu saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai, karibu saa 6 na dakika 27, kwa saa za Makka ambazo ndizo saa zetu, na katika baadhi ya miaka hutangulia kwa siku moja. Wakati huo, popote ulipo ukiliona jua, kivuli cha kitu chochote kilichosimama wima kinakipa mgongo kibla. Hapa kwetu tarehe 28 Mei kivuli hicho huwa na urefu wa nusu ya kijiti. Hukaa uwani na kukisubiri, na ni saa ambayo siibadilishi na safari yoyote, kwa maana najua kwamba kuna watu wanaotufu pale, wakiizunguka Kaaba chini ya jua hilohilo, na vivuli vyao viko miguuni mwao.

Yule kijana wa samadi nilimweleza jambo hili mwaka huu, naye akaenda na njiti ya ufagio akaisimamisha nje ya chumba anachopanga. Alirudi jioni bila gunia, amefadhaika. Kwa mujibu wa njiti, mkeka wa kuswalia wa nyumba nzima umepindia upande wa mlango wa choo. Mwenye nyumba, ambaye ni mzee wa watu na anastahili heshima, amemjibu kwamba msingi wa nyumba ile uliwekwa na marehemu baba yake, fundi aliyejulikana Tanga nzima, na kwamba njiti ya ufagio haiwezi kusimama wima mbele ya mtu asiyejua kazi. Wamekubaliana kungoja tarehe 16 Julai, na mzee amesema timazi ataileta yeye mwenyewe.